Vigae vya Bafu Letu

Siku hizi duka haliuzi vigae kwa ladha ya leo. Mashine hututazama usoni, kisha huruhusu rangi zilizochaguliwa na wale tu watakaokuwa bado wanaoga katika bafu hilo miaka kumi ijayo.

Mume wangu, Ngwali, alitaka vigae vya kahawia. Mashine ikakataa. Akataka ukuta wa rangi ya krimu, ikakataa pia. Mimi nilipogusa kijani cha mchaichai, ikakubali papo hapo.

"Haya, Bi Salhina, umeshinda," akanitania. "Imekupendelea."

Nikamnong'oneza muuzaji, "Tafadhali, kaka, tuuzie vya kahawia."

"Mfumo hauniruhusu, dada," akajibu bila kuniangalia.

Ngwali akanipigapiga begani. "Usinune kwa ajili yangu. Kijani nitakizoea tu."