Fundi Basi

Fundi aliikunja barua ya kazi ya binti yake mara nne, akainama, akaisukuma chini ya mguu wa meza. Meza iliyokuwa ikiyumba tangu mwaka jana ikatulia.

"Hapo ndipo inapofaa," alisema.

"Unaona?" mkewe alisema kutoka jikoni. "Fundi wa ndege, meza ya kwake anaitengeneza kwa karatasi."

Binti hakucheka. Barua zilikuwa mbili, za kampuni mbili za ndege za mikoani, na alikuwa amezileta mezani kwa furaha ili baba amsaidie kuchagua. Kampuni ya kwanza ilikuwa mbali, na ingempa ndege baada ya miezi kumi ya kusubiri. Ya pili ilikuwa na ndege nne ndogo na ilimtaka Jumatatu hii. Baba yake alikuwa fundi mkuu wa karakana ya kampuni hiyo kwa miaka kumi na tisa. Hiyo ndiyo barua iliyokuwa chini ya meza.

"Baba, rubani bila saa za angani ni kinyozi bila vichwa. Miezi kumi nikae nifanye nini?"

"Ufagie. Ulale. Kule kwangu huendi."

"Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokulipa ukanisomesha urubani."

Fundi alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. "Nimesema huendi!"

"Ningekuwa mtoto wa kiume ungenizuia?"

"Ungekuwa wa kiume ningekuvunja mguu."

"Mwache, mwanangu," mama alisema. "Baba yako anaogopa hata ngazi ya kubadilishia balbu."

Hilo lilijulikana. Wafanyakazi wa kampuni walisafiri bure, lakini mama mkwe wake alipofariki, Fundi alipanda basi siku mbili, akafika kaburi limeshafukiwa. Tangu siku hiyo karakana nzima ilimwita Fundi Basi.

Binti aliinama, akaichomoa barua, akainyoosha kwa mkono, akatia saini hapohapo. Meza ikaanza kuyumba tena.

Jumamosi asubuhi Fundi aliingia ofisini kwa mkurugenzi bila kubisha hodi.

"Mkatae binti yangu."

"Kwa kosa gani? Ana alama nzuri kuliko wote walioomba."

"Mkatae tu."

Mkurugenzi alicheka mpaka akakohoa. "Sema ukweli, mzee. Unaona aibu kuja kumwita mwanao kapteni. Nenda kazini. Ndege namba tatu ukaguzi wake ni kesho, na Jumatatu inaondoka na abiria tisa. Ikilala chini siku moja, mimi nalala njaa."

Fundi aliubamiza mlango, picha ya ndege ukutani ikaanguka.

Karakanani walikuwa wameshapata habari. "Fundi Basi!" mmoja alimwita. "Jumatatu utapiga saluti kwa mkono gani?" Fundi alimrushia spana, ikapita karibu na sikio lake, ikagonga bati. Hakuna aliyecheka tena siku hiyo.

Jumapili alirudi nyumbani mapema, akala amesimama, akalala ameupa mlango mgongo. Mkewe alimwambia kwamba roho mbaya nayo ni ugonjwa, akapime.

Jumatatu abiria tisa walikuwa wameshafunga mikanda. Binti, shati jeupe limenyooka, alikuwa amemaliza kuizunguka ndege, kitabu cha ndege, kile cha kumbukumbu za ukaguzi, kwapani. Kapteni aliyekuwa aruke naye alichungulia dirishani, akaangalia saa yake.

Fundi alitoka karakana kwa hatua ndefu, akaenda kusimama mbele ya panga boi, mikono kifuani.

"Hairuki," alisema.

"Baba, abiria wanatutazama."

"Na watazame. Macho ni yao."

Mkurugenzi alikuja mbio, shati nje ya suruali. "Mzee, umerukwa na akili? Toka mbele ya ndege!"

"Nimesema hairuki!"

"Kwa nini?" Mkurugenzi alimsogelea, akashusha sauti. "Haya. Mwambie mwanao kwa nini."

Fundi alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa panga boi. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka kama kamba.

"Hana la kusema," binti alisema. Alikuwa amekasirika kama baba yake, kwa sura ileile. "Tangu Ijumaa ananitukana. Mbele ya mama, mbele ya wenzake, leo mbele ya abiria wangu wa kwanza. Na wewe, baba, unadhani nilichagua hapa kwa ajili ya saa za angani tu?"

Akakifungua kitabu cha ndege, akambandikia kifuani.

"Kule mbali sijui fundi wao ni nani. Hapa namjua. Nimekisoma chote, ukurasa kwa ukurasa. Kila ukaguzi una saini ya baba yangu. Hii hapa ya jana, wino haujakauka vizuri. Sasa niambie, baba, mimi niogope nini?"

Kapteni alipiga honi ya mdomo kutoka dirishani: piii. Hakuna aliyegeuka.

Fundi alikitazama kitabu. Mikono ilimshuka.

"Jana sikufungua hata skrubu moja, mwanangu," alisema. "Wala mwaka jana."