Njia za Marehemu Makame

Nimeishi miji kumi na miwili, lakini Mwambani Mpya una raha yake. Hapa mgeni hapewi ramani. Langoni wanakutia kichwani njia za mkazi aliyefariki, na mimi nilipewa za marehemu Makame, fundi saa. Basi siku ya kwanza tu nikawa nakata vichochoro kama mwenyeji. Miguu ikanipeleka kwa muuza kahawa, kisha ikanipandisha hadi juu ya paa moja, mji mzima unang'aa chini yangu. Nikacheka peke yangu.

Alasiri miguu ikasimama kwenye mlango wa kijani. Nikapiga hodi, nia yangu nisalimu tu niendelee.

"Nilijua utafika," akasema Bi Mwanaidi, mjane wa Makame. "Chai hiyo. Sukari jitilie."

"Mie situmii sukari, bibi. Na sikai, mji bado sijaumaliza."

"Haya, bwana msafiri," akacheka.

Lakini miguu ilikwisha kuniingiza ndani, na mkono wangu ulikwisha kufungua kabati, ukatoa kikombe kilichovunjika mkono, ukamimina chai, ukatia vijiko viwili vya sukari. Nikaonja. Ilikuwa tamu sawasawa.

Nikageuka kutafuta mkoba wangu. Ulikuwa msumarini, nyuma ya mlango. Sikumbuki kuutundika.