Bunduki Iliyonukia Nazi

Bi Mwanaheri alilaza mzigo mrefu wa kanga juu ya kaunta ya kituo cha polisi.

"Kuna nini humo, bibi?" aliuliza askari wa zamu, binti wa rika la wajukuu zake.

"Kitendawili."

Binti akatabasamu. "Tega."

"Mume wangu alilindia nacho shamba, nami sikukigusa mpaka alipokufa."

Tabasamu likaisha. Askari akafungua kanga taratibu, akahakikisha bunduki haina risasi, kisha akanusa.

"Mbona inanukia vitumbua?"

"Mafuta ya nazi, mwanangu. Marehemu aliipaka mafuta kila Ijumaa. Nikaona ikishika kutu atanung'unika huko aliko, nikaendelea kuipaka. Leo jirani kanitisha kwamba nitafungwa."

"Kibali kilikuwa cha babu, si cha nyumba. Alipofariki, nacho kikakoma. Ungeileta mapema."

"Basi nifungeni, ila mtu akanifungulie mbuzi wangu."

"Hakuna wa kukufunga, bibi. Umeileta mwenyewe. Lakini hairudi tena nyumbani."

Bi Mwanaheri akaipapasa bunduki kama anayemuaga mgonjwa. Askari akamtazama, kisha akafungua mkanda wa ngozi wa kuibebea begani, akamkabidhi.

"Sheria inataka bunduki. Mkanda chukua."

Nje jua lilikuwa kali. Bibi akauvaa mkanda, ambao bado ulikuwa umepinda kwa umbo la bega la mzee, akashika njia akiwa ameinama kidogo upande mmoja, kama mtu aliyeegemewa na mwenziwe.