Waya wa Msumarini

Msumari wa mlangoni ulikuwa mtupu.

Mama Tunu aliupapasa, asiyaamini macho yake. Kila siku mwanawe akirudi kutoka kiwandani hutundika hapo kipande cha waya mwekundu. Tunu anajifunza kulipangia amri lile kasha jipya linaloongoza mashine ya kukaushia vitambaa. Siku ya kwanza alimweleza mama yake:

"Nikiuchomeka huu kwa majaribio, mama, kasha hudhani mlango wa mashine umefungwa, na mashine huzunguka hata kama mtu kaingiza mkono ndani. Ndiyo maana narudi nao. Ukiwa hapa, najua kule nimeutoa."

Leo Tunu ameshanawa, anakula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Mama akakung'uta ovaroli, akafunua mkeka. Au yeye mwenyewe kaufungia kuni? Yeye na darasa lake la nne, mambo ya kasha atayajulia wapi? Kuuliza aliona haya, na kunyamaza moyo haukumpa.

"Tunu, ule waya wako nimeuweka wapi mie?"

"Mama nawe! Si uko pale msu..."

Tonge likakomea njiani, mchuzi ukimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Ng'ambo ya reli, kiwandani, king'ora cha kuanza zamu ya mchana kikalia.