Mama Ni Mmoja

Mara tatu Winfrida aliomba mama mpya, na mara tatu kompyuta ikamrudishia yule yule. Akatabasamu. Programu imekubali.

Godwin, mwalimu wao wa kompyuta kwenye mtaa wa Soweto pale mjini, alikuwa amewapa kazi: tengenezeni kitu kinachoundwa mara moja tu, atakayeomba kingine, apewe kile cha kwanza. Wenzake wengi walichagua Mlima Kilimanjaro. Winfrida akachagua mama. Darasa zima likacheka, maana Uchagani nani asiye na mama wakubwa na mama wadogo tele?

Yeye mwenyewe alilelewa na mama mdogo. Alikuwa na miaka minne mama yake, Hellen, alipovuka mpaka wa Holili kwenda kufanya biashara Kenya. Hakurudi. Eunike, mdogo wake Hellen, akambeba mtoto mgongoni, akamkuza kwa maziwa ya ng'ombe wake mmoja. "Mama mdogo" lilikuwa jina lake sahihi, na lilimuuma.

"Hiyo 'mdogo' utaiacha lini, mwanangu?" aliwahi kuuliza.

"Mama ni mmoja," Winfrida alimjibu, kwa hasira za utoto. Eunike hakuuliza tena.

Alhamisi hiyo Eunike alishuka mjini na mtori wa ndizi na nyama kwenye hotipoti. Winfrida alipomwona mlangoni alifunika kompyuta haraka.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Unaficha nini?"

"Kazi yangu. Ni kuhusu mama. Utaiona Jumamosi, wazazi wamealikwa."

Eunike aliitazama ile kompyuta iliyofungwa. "Ni vizuri kumkumbuka," akasema. "Popote alipo, ni mama yako."

Akaweka hotipoti mezani, akaaga. Macho yake yalikuwa yamelowa. Winfrida aliyaona, nusura amwite. Kisha akajiambia, Jumamosi si mbali.

Ijumaa asubuhi Eunike alianguka akikata majani ya ng'ombe. Presha. Hakufika hospitali.

Walimzika kihambani, kwenye shamba la nyumbani, nyuma ya migomba. Baada ya matanga Godwin alimpangia Winfrida siku yake ya kuonyesha kazi. Kiti cha mzazi kilikuwa mbele, kitupu. Hakuna aliyethubutu kukiondoa.

Winfrida akawasha kompyuta. Akaomba mama mpya. Akaomba tena. Akaomba tena.

Mara tatu skrini ikaandika: Eunike.