Kilomita Moja Tu

Kwa brashi moja na kopo la rangi nyekundu, Sikuzani aliisogeza gesti yake kilomita mbili na nusu karibu na mbuga. Alifuta "tatu na nusu", akasubiri pakauke, kisha akaandika kwa herufi za kusomwa hata na dereva mwenye haraka: KILOMITA MOJA TU KUTOKA MPAKA WA MBUGA.

Lazaro, mwenye gesti ya ng'ambo ya barabara, alitoka na kikombe cha chai kutazama.

"Dada Sikuzani, umehama?"

"Nimehama, kaka. Wewe baki hukohuko porini."

Usimcheke haraka. Mikumi ya miaka ile ya ruhusa, biashara ilipofunguliwa kwa wote, kila mwenye vyumba vinne na ndoo alikuwa na bango, na ni mabango machache yaliyosema kweli. Pale mpakani ilikuwapo hoteli ambayo zamani ilikuwa ya serikali na sasa ni ya mwekezaji, yenye bwawa la kuogelea na shuka mbili kwa kila kitanda. Ukisogea nusu kilomita unakuta jenereta na maji ya moto. Kilomita mbili, feni na chandarua. Baada ya hapo ni baa na nyama choma, kisha maegesho ya malori, na kadiri unavyouacha mpaka ndivyo shuka zinavyozidi kuwa nyepesi. Ukifika kwa Sikuzani unapewa kibatari, choo cha nje na shuka moja, nayo uiombe. Watalii hawakufika huko. Waliofika ni matingo wa malori, na walilala na viatu.

Wala hakuwa na pa kurudi. Mumewe, Tomasi, alipunguzwa kazi reli ya Kilosa, akafa mwaka uliofuata. Watu walisema ni presha, Sikuzani alijua ni aibu. Nyumba yao ya Magomeni aliiuza, akaja kujenga hii. Siku ilipoezekwa alilia kwa furaha. Mwaka wa tatu alikuwa bado analia, ila si kwa furaha tena.

Wiki ileile alikuja karani wa leseni, binti mpole aitwaye Editha, na jalada kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu kiti."

Editha alikuwa anaziandika gesti zote za barabara ile: jina la mwenyewe, idadi ya vyumba, na umbali kutoka mpaka wa mbuga. Hilo la mwisho liliufanya moyo wa Sikuzani udunde. Nani akuulize uko umbali gani na neema kama si kwa kutaka kukugawia? Mjini kulikuwa na tetesi za nguzo za umeme, na nyingine za kitabu cha watalii chenye majina ya gesti.

"Kilomita moja," alisema.

Editha aliitazama barabara aliyokuwa ameitembea, akafuta jasho.

"Mama, kazi yangu ni kuandika, kamba ya kupimia sina. Ukishatia saini, ofisini tunafuata karatasi. Una hakika?"

"Kwani bango hujaliona?"

"Nimeliona."

Sikuzani alitia saini kwa kukandamiza kalamu, karatasi ikakaribia kutoboka.

Editha alivuka kwa Lazaro, na kwa kuwa barabara si pana, kila neno lilisikika. "Tatu na nusu," Lazaro alisema. Sikuzani aliona aibu kwa niaba yake. Binti alipoondoka, Sikuzani alimfuata Lazaro.

"Kaka, ungesema hata mbili. Ukweli utakulisha?"

"Mimi sijui kupaka rangi, dada."

Mtu akikataa kuokolewa utamfanyaje? Sikuzani alirudi kwake akajiandaa. Aliuza cherehani yake, akanunua vyandarua vinne na shuka za pili. Alipiga chokaa, akachimba shimo jipya la choo, akatandika vitanda na kuvitandua na kuvitandika tena. Kila gari lililopunguza mwendo lilimtoa nje. Kwa mara ya kwanza tangu amzike Tomasi, aliimba akifagia.

Ilipita wiki ya tatu. Jumatano alasiri, Wazungu wawili wenye mabegi mgongoni walishuka kwenye teksi iliyotoka upande wa mpakani. Walipita mbele ya bango lake jekundu, wakavuka, wakaingia kwa Lazaro. Jambo hilo halikuwahi kutokea tangu barabara ile iwekwe lami.

Sikuzani alimkimbilia dereva wa teksi. "Wamekosea nyumba. Ya karibu ni hii yangu."

"Hawajakosea, mama. Huko juu tumeelekezwa hapa kwa Lazaro."

Alirudi kibarazani akichemka. Yaani watu wametoka Ulaya na kusoma bango hawajui? Ndipo akamwona Editha akija kutoka upande uleule wa mpakani, viatu vimejaa vumbi, jalada mkono mmoja na mfuko mzito mkono mwingine. Moyo wake ukatulia. Alimimina chai kabla mgeni hajafika.

Binti aliamkia, lakini kiti hakukikalia na chai hakuigusa. Alifungua jalada akasoma bila kuinua uso:

"Kwa mujibu wa mkataba na mwekezaji wa hoteli, gesti zote zilizo ndani ya kilomita mbili kutoka mpaka wa mbuga zimefutiwa leseni, na zinafungwa kuanzia leo."

Ng'ambo ya barabara Lazaro alikuwa anapokea begi la pili.

"Lakini mwanangu," Sikuzani alisema taratibu, "hapa ni kilomita tatu na nusu."

Editha aliinua macho akalisoma bango, kisha akaingiza mkono kwenye ule mfuko mzito akatoa kufuli.