Uzi Mwekundu wa Hando

Nilimpa hawe, nyanya yangu, simu anisaidie kazi ya chuo. Kuna tovuti ya picha za mavazi ya asili yanavyovaliwa siku hizi, na wasomaji huandika chini yake maoni yao. Picha ya hando, vazi la wanawake wa kwetu la mikunjo mingi kiunoni, lililovaliwa hotelini nilikuwa nimeshaiandikia. "Vazi la kuwachezea watalii," niliandika, "na aliyelishona hajui maana yake."

Hawe aliishika simu kwa mikono miwili.

"Ikuze."

Nikaikuza. Kidole chake, kigumu kwa miaka ya sindano, kikatua kwenye mkunjo wa mwisho kiunoni, uliofungwa kwa uzi mwekundu.

"Hii ni kazi ya mkono wangu," akasema taratibu. "Mama alinifunza kumaliza kwa uzi mwekundu, anayevaa ajue kuna mtu alimfikiria. Nilimshonea msichana mmoja wa kikundi cha ngoma. Nilidhani hando lile limeshaoza." Akapangusa machozi kwa pindo la leso. "Ahsante, mjukuu wangu. Hujui ulichonipa leo. Nisomee, hapo chini pameandikwa nini?"

"Mshonaji hajulikani," nikamsomea maelezo ya picha.

Akacheka. "Basi waandikie ni Kache wa Muyeye, na yu hai."

Nikaandika. Jina lake likatokea pale pale, chini kabisa, likigusana na maneno yangu.

"Na haya maneno marefu juu ya jina langu, ya nani?" akauliza. "Mtu aliyeliangalia hando langu kwa makini hivyo, mpe shukrani zangu."

Simu ilikuwa bado mikononi mwake.

"Ni yangu, hawe," nikasema, nikaanza kumsomea.